Feri Niliyoipanda kwa Makosa

Usiku wangu wa kwanza Istanbul nililia. Ilikuwa Novemba, mvua inanyesha, nami nimejilaza kitanda cha juu katika chumba cha wanawake sita, hosteli moja mtaa wa Karaköy, uso nimeugeuzia ukutani ili mtu asinione. Wala hakuna baya lililonipata. Ndege ilitua salama, begi lilifika, ufunguo nilikabidhiwa. Ila tangu alfajiri sikuwa nimezungumza na mtu zaidi ya maneno mawili matatu, na jioni ile nilipouona Mnara wa Galata umewashiwa taa, umesimama juu ya mapaa kama mlinzi wa zamu, niligeuka kusema "hebu tazama!" nikakuta hayupo wa kuambiwa.

Safari ile ilikuwa ya watu wawili. Binamu yangu alijitoa wiki mbili kabla, kazi zikiwa zimembana, na tiketi yangu haikuwa ya kurudishiwa fedha. Nikasema nitakwenda hivyo hivyo. Siku tisa si nyingi. Sikujua kwamba siku moja bila mtu wa kuongea naye ni ndefu kiasi kile.

Siku mbili za mwanzo nilitembea kama mtoto aliyetumwa dukani na kuonywa asichelewe. Nilidamka, nikashika orodha yangu, nikaenda. Nilishuka kwenye lile birika kubwa la kuhifadhia maji chini ya ardhi, Yerebatan, lililojengwa karne ya 6 enzi za Mfalme Justinian: nguzo 336, kila moja ina urefu wa mita 9, zimesimama majini katika giza, matone yakidondoka. Mwishoni kabisa kuna vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki ambaye macho yake yaligeuza watu mawe, vilivyowekwa chini ya nguzo, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa kidevu juu. Kila aliyesimama karibu yangu alikuwa akibishana na mwenzake kwa nini wajenzi waliviweka vile. Mimi nilikuwa na maoni yangu. Nilipanda nayo ngazi hadi juu, nikatoka nayo mvuani.

Siku ya pili, karibu na Daraja la Galata, mwanamume mwenye sanduku la kung'arishia viatu alinipita, brashi ikamdondoka. Nikaiokota, nikamkimbilia. Alishukuru mno, akaweka mkono kifuani, akaniuliza jina, akasisitiza anisafishe viatu kama shukrani. Nilifurahi kupita kiasi. Ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza jina tangu nifike. Alipomaliza alitaja bei, na bei ile ilitosha viatu vya ukoo mzima, huku mkono wake mmoja bado umekamata kisigino changu. Nilimpa nusu ya alichotaka nikaondoka natetemeka. Baadaye niliambiwa kuwa ni mchezo wa siku nyingi: brashi huangushwa makusudi. Fedha hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshampenda.

Usiku huo nilitazama bei ya kubadili tarehe ya ndege.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya siku ya tatu nilijipa jembe mwenyewe. Jikoni mwa hosteli karo lilikuwa limejaa bilauri za chai za usiku uliopita, zile bilauri za Kituruki zenye kiuno chembamba na mdomo uliopanuka, zisizo na mkono, ambazo huwezi kuzishika katikati zikiwa na chai maana zinaunguza; unazishika ukingoni kwa ncha za vidole. Nikakunja mikono ya sweta, nikaanza kuosha. Nilikuwa nahitaji tu kufanya kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Nilipofika bilauri ya sita hivi, kijana mmoja wa Korea Kusini aliingia, akatazama, akachukua kitambaa, akaanza kufuta. Hatukusalimiana. Mimi naosha, yeye anafuta na kupanga. Bilauri zilipokaribia kwisha ndipo aliponiuliza kama nimeshafika Yerebatan, na je, nadhani ni kwa nini kile kichwa kimoja kimepinduliwa.

Nikamwambia: mafundi walihitaji jiwe la kimo fulani, wakakigeuza mpaka kikaenea. Akakataa katakata. Kwake yeye waliogopa macho yale ya Medusa, wakakipindua ili yasiwe na nguvu. Tulibishana mpaka maji ya chai yakachemka na kuzimwa na kuchemshwa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa nusu saa yangu ya kwanza yenye furaha Istanbul, na ilianzia kwenye karo.

Nimelifikiria sana jambo hili. Siku mbili zile nilikuwa najaribu kufahamiana na watu kwa kuwatazama usoni: natabasamu, nasema jina langu, nauliza wanatoka wapi. Yanajibiwa, halafu kimya. Pale jikoni hatukutazamana kabisa. Tulitazama bilauri. Nadhani watu wasiojuana wakikaa ana kwa ana huwa kama wako kwenye usaili. Wape kitu cha kushika au cha kutazama pamoja, maneno yatakuja yenyewe.

Mchana wa siku hiyo hiyo nilikwenda Eminönü nipande feri ya kwenda Kadıköy, upande wa jiji ulio ng'ambo, Asia. Pale magati yamepangana ufukweni, kila moja na kibao chake, na watu wanapita mbio kana kwamba chombo ni cha mwisho duniani. Unapita kwenye kizuizi kwa kugusisha kadi ya usafiri, İstanbulkart. Mbele yangu mama mmoja wa makamo, koti la mvua la njano, nywele nyeupe zimekatwa fupi, aligusisha kadi yake mashine ikalia vibaya. Akagusisha tena. Ikalia tena. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Kadi moja inaweza kumpitisha zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo nikanyoosha mkono juu ya bega lake nikagusisha yangu, akapita, nikagusisha tena, nikapita. Akanifuata hadi chomboni.

Tulikaa nje, kwenye mabenchi ya mbao, bega kwa bega, uso baharini. Shakwe walikuwa wakiruka usawa wa macho yetu, wakidaka vipande vya simit, ule mkate wa duara uliojaa ufuta, ambavyo watoto walikuwa wakivirusha. Mhudumu alipita na sinia la chai, nayo bilauri zile zile, kila moja na vipande viwili vya sukari kwenye kisahani. Mama yule akanunua mbili akanipa moja. Kwa muda hatukusema kitu. Halafu akaelekeza kidole kwenye mnara mdogo mweupe uliosimama peke yake majini, akaniuliza kama naufahamu. Nikafungua ramani. Ni Kız Kulesi, Mnara wa Binti. Uko mbele ya Üsküdar.

Nikatazama ramani tena. Tulikuwa tunakwenda Üsküdar.

Nilimwomba radhi mara tatu. Nilikuwa nimefuata umati, naye alikuwa amenifuata mimi. Alicheka mpaka akaishika bilauri kwa mikono miwili isimwagike. Anatoka Norwe, ana miaka 67, na alikuwa dereva wa basi kwa miaka 31. "Miaka 31," aliniambia, "nimewaambia abiria wasome kibao kabla ya kupanda."

Tulishuka Üsküdar kwa kuwa ndiko tulikofika. Wafanyakazi wa feri ni wa kutazamwa: chombo hakijasimama, mmoja ameshatupa kamba nene kwenye chuma cha gatini, wengine wanasukuma vidaraja vya mbao, na watu wanashuka kabla maji hayajatulia. Yeye alisimama akawatazama mpaka wamalize, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Tukatembea taratibu kando ya maji hadi Salacak, tukakaa kwenye ngazi zinazoutazama ule mnara. Upande wa pili, Ulaya yote ilikuwa imejipanga: Hagia Sophia, Msikiti wa Süleymaniye aliousimamia Mimar Sinan na kukamilika mwaka 1557, na jua linashuka nyuma yake kupitia mawingu. Nilisema "hebu tazama!" Alikuwa anatazama tayari.

Kadıköy sikufika mpaka siku ya sita, na nimesahau nilichokula huko.

Jioni ile nilimleta jikoni kwetu, nikamkutanisha na yule kijana, na kuanzia hapo tukawa watatu. Si muda wote. Kila mtu alikuwa na asubuhi zake. Hilo tulielewana bila kulijadili, na mimi nililipenda. Tulikuwa tukikutana saa nane mchana mahali penye watu wengi, na kila mmoja alikuwa na anwani ya hosteli imeandikwa kwenye karatasi, simu ikizima isiwe shida. Binamu yangu nilimtumia ujumbe kila usiku kumweleza niko wapi na niko na nani. Mwanamke anayesafiri peke yake asione haya kufanya hivyo, hata akiwa na watu anaowaamini.

Mama wa Norwe alikuwa amekuja Istanbul kwa ajili ya jambo moja. Ghorofa ya juu ya Hagia Sophia, ubavu wa kusini, kwenye ukingo wa marumaru, kuna mikwaruzo ambayo kwa mamia ya miaka watu waliipita wakidhani ni ufa wa jiwe. Ni herufi za kale za watu wa kaskazini. Sehemu kubwa imefutika, ila jina moja linasomeka: Halfdan. Watu wa huko waliwahi kuwa askari wa kulipwa wa wafalme wa Byzantium, dola iliyotawala mji huu zamani, na inadhaniwa kuwa mmoja wao, labda amechoka kusimama wakati wa ibada ndefu, alichukua kisu akaandika kuwa alikuwapo. Jengo lenyewe ni la mwaka 537. Limekuwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453, likawa jumba la makumbusho, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Jina la Halfdan limebaki pale kupitia mabadiliko yote hayo.

Tulijifunga vitambaa vya kichwa, tukapanda ule mteremko wa mawe unaozunguka zunguka badala ya ngazi. Tuliutafuta ukingo ule karibu nusu saa. Watu wote walikuwa wakiinua vichwa kutazama kuba na michoro ya dhahabu. Sisi watatu tumeinama, tunachungulia mawe kama watu waliodondosha pete. Kijana ndiye aliyeuona. Akatwambia tusiutazame kwa juu, tuchuchumae tuutazame kwa ubavu, mwanga wa dirishani uukate. Na kweli: ukisimama wima huoni kitu ila mikwaruzo ya jiwe kuukuu. Ukichuchumaa, kivuli kinaingia kwenye kila mkwaruzo, na mistari inasimama, mirefu, yenye vijitawi, mtu ameibonyeza kwa nguvu zake zote.

Mama yule hakupiga picha. Alinyoosha kidole hewani, bila kugusa jiwe, akaifuata mistari mmoja baada ya mwingine. Kisha akalitamka jina lile kwa sauti, kwa matamshi ya kwao. Sidhani nimewahi kusikia jina la mtu likitajwa vizuri vile. Nilijiuliza kama Halfdan alikuwa na mwenzake siku ile, au aliandika ukutani kwa kuwa hakuwa na wa kumwambia.

Siku iliyofuata upepo wa kusini, lodos, ulivuma kwa nguvu hadi feri zikasitishwa. Tukavuka kwa Marmaray, treni ipitayo chini ya bahari tangu mwaka 2013. Sirkeci hadi Üsküdar ni kama dakika nne. Dereva wetu aliyestaafu hakuipenda. Alisema ni usafiri wa barua, si wa watu.

Mvua ilitukuta tena tukishuka kutoka Süleymaniye, vichochoro vile vilivyojaa maduka ya jumla. Tukajibanza chini ya turubai la duka la vifungo na nyuzi. Mwenye duka alikuwa mzee, miwani imening'inia kifuani, anahesabu vifungo kwa kuvisukuma viwili viwili kwa kidole juu ya kaunta. Nikamsalimu kwa neno nililojifunza, "merhaba." Kila nilipolisema siku zile nilihisi kama naitikia shikamoo ambayo hakuna aliyenipa, na kwa mzee kama yule nilihisi pia kwamba natoa mimi jibu lililomstahili yeye. Aliitikia kwa furaha, akatoka, akavuta vigoda vitatu, akampigia mtu wa chai kelele mtaani. Chai ikaja. Nilipotoa pochi akapunga mkono hewani kama anafukuza nzi. "Misafir," alisema, akitunyooshea kidole mmoja mmoja. "Misafir, misafir, misafir."

Nilifikiri anasema "msafiri." Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, sisi ni wasafiri. Kijana akatafuta neno lile kwenye simu yake, akanionyesha. Kwa Kituruki *misafir* ni mgeni, yule aliyeingia nyumbani mwako. Abiria wa barabarani wanamwita *yolcu*. Na *sefer*, neno nililokuwa naliona kwenye ratiba za feri kila siku, ni safari. Maneno yametoka shina moja la Kiarabu, lakini letu limebaki njiani, limebeba mzigo, linatembea; lao limefika, limevua viatu, limekaa. Nilimwomba mzee karatasi nikaandika yote mawili, moja juu ya jingine, nikamsomea. Akavaa miwani. Akaandika chini yake *kitap*, akanitazama. Nikaandika kitabu. *Dakika*. Dakika. *Sabun*. Sabuni. *Asker*. Askari. *Dünya*. Dunia. Karatasi ilijaa pande zote mbili, na mvua ilikuwa imekwisha zamani.

Alipotosheka alirudi kwenye vifungo vyake, akaanza kuhesabu upya, maana tulimpoteza hesabu. Hakutuuliza tunaondoka saa ngapi, wala hakutuonyesha kitu cha kununua. Hapo nilimkumbuka yule wa brashi, mkono wake ulivyonikamata kisigino. Kama kuna kipimo nilichokipata Istanbul cha kumjua mkarimu na mlaghai, ni hicho: mkarimu anakuacha uondoke muda wowote, na anaweza kurudi kwenye kazi yake ukiwa bado umeketi.

Nchi ile ina historia na jambo hili. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliipita pia. Alikuwa ameondoka kwao Tangier mwaka 1325, ana miaka 21, peke yake, bila msafara wala mwenza. Alipofika mji wa Denizli, sasa akiwa na wenzake, wanaume walitoka madukani, wakazikamata hatamu za farasi, wakaanza kugombana wao kwa wao, wengine wakachomoa visu. Aliogopa akidhani ni wanyang'anyi. Kumbe yalikuwa makundi mawili ya vijana wa udugu ulioitwa akhi, ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kuwapokea wageni, na kila kundi lilidai kuwa ndilo lenye haki ya kumlaza yeye na wenzake. Ikabidi waamue kwa bahati nasibu. Nikiwaza hofu yake pale barabarani, hajui lugha, amezungukwa na visu vya watu wanaogombania kumpa chakula, natamani ningekuwapo nimshike mkono.

Kijana wa Korea aliondoka siku ya saba alfajiri. Nilikuta karo tupu, bilauri zote zimeoshwa, zimefutwa, zimepangwa vichwa chini isipokuwa moja, iliyosimama mdomo juu. Nilielewa ni nani anayezungumza na ni kuhusu nini. Sikuigusa.

Mama wa Norwe nilimsindikiza siku ya nane. Kabla ya kupanda basi la uwanja wa ndege alisoma kibao cha mbele, kwa sauti, akinitazama mimi. Kisha akanipa kadi yake ya usafiri. Alikuwa ameiongezea fedha jana yake, nyingi kuliko siku moja inavyoweza kutumia. Nikamwambia mimi naondoka kesho. "Najua," alisema.

Asubuhi yangu ya mwisho nilikuwa na saa nne kabla ya kwenda uwanjani. Sebuleni palikuwa na msichana aliyefika usiku, begi lake bado limefungwa, ameinamia ramani ya karatasi huku kidole kimesimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Nilikwenda jikoni nikachemsha chai, nikarudi na bilauri mbili, nikakaa upande wake, sio mbele yake, nikaitazama ile ramani. Akaniuliza kama najua feri za Kadıköy zinapandiwa wapi.

Nikamwambia nami naelekea huko, na kwamba nina kadi inayotosha watu wawili.